Kinu cha Mama Mauwa

Vijana wangu wa kituo, nilikuja kwenye maonyesho yenu, mkanipa kiti cha mbele na soda, nami nashukuru. Ila ile picha kubwa mliyoitundika mlangoni ilinifanya nirudi nyumbani kabla soda haijaisha. Chini yake mmeandika: "Mwigizaji wetu bora wa nyakati za vita." Kisha mmoja wenu akanifuata hadi barabarani, adabu tele, akaniuliza kama namjua yule mama anayeinua kinu, na kama kinu chenyewe bado kipo ili mkakiombe mkiweke katikati ya ukumbi. Nikamjibu kwamba miguu inaniuma. Miguu haikuwa inauma hata kidogo. Nilikuwa naona aibu, na aibu hiyo imemzidi umri yule aliyeniuliza.

Basi nimekaa kuwaandikia. Nitaanza na mambo ya kazi, maana mtu mwenye aibu hupenda kuzunguka kwanza, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mnivumilie.

Mimi Mama Zaina ndiye niliyekuwa natunza vifaa vya jukwaa katika kituo hiki hiki, hapa mjini Baraka. Nguo, vyungu, viti, bunduki za uongo, damu ya uongo, vyote vilipita mikononi mwangu. Aliyenifundisha ni mzee Lubunga, fundi cherehani, mtu mkali mwenye sindano mdomoni mchana kutwa. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukamwota: "Mutu ya vifaa haonekane. Bantu bakikuona, umeharibu muchezo." Yaani watu wasikuone kamwe. Mwigizaji akianguka kweli, usitoke. Kiti kikivunjika, usitoke. Paka akiingia jukwaani, mwache paka, labda ataigiza vizuri kuliko wao. Nilikuja kuishika sheria ile kuliko yeye mwenyewe, na ndiyo iliyoniponza.

Ninyi mna taa na rangi za kopo. Sisi damu tuliipika kwa mawese na nyanya zilizoiva sana, na mara ya kwanza nikatia chumvi kidogo, sijui kwa nini, labda mkono wa jikoni tu. Amisi, kijana wetu wa kuigiza wakubwa, siku hiyo alikuwa maiti. Mbwa wa jirani akapanda jukwaani, akaanza kumlamba shingo. Maiti ikavumilia, ikavumilia, halafu ikacheka kwa sauti, na watu waliokuwa wakilia wakaanza kukimbia. Tangu hapo damu yangu nikaitia pilipili. Amisi alilalamika macho yanamchoma, lakini mbwa hakurudi.

Gundi ya matangazo ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Ukibandika asubuhi, mchana mbuzi wameshakula tangazo zima, pamoja na jina la mchezo na saa ya kuanza. Dawa yake ni jivu na pilipili tena. Na picha za maonyesho msizipigilie misumari kwenye ukuta wa udongo, utabomoka. Shusheni kamba kutoka kwenye boriti. Hilo naona mmelijua wenyewe.

Kuhusu bunduki nisikilizeni vizuri. Tulichonga bunduki za mti, nzuri, tukazipaka masizi. Siku tunakwenda kucheza huko Mboko tukakuta barrière, kizuizi cha askari barabarani, na askari mmoja akafungua gunia. Alituketisha chini juani na kutuuliza, "Munachezea nini na vita?" Aliziponda zote kwa jiwe. Baada ya hapo bunduki zetu zikawa miwa. Ukifika kwenye barrière unaanza kutafuna silaha yako, na hakuna anayekuuliza. Shida ni kwamba Amisi alikuwa anaanza kutafuna kabla hata ya barrière, na mara nyingi jeshi letu lilifika kijijini na vipande.

Mnacheka. Chekeni, nami nilicheka miaka ile, ingawa ilikuwa vita vya pili vya nchi yetu na watu walikuwa wametawanyika, wengine milimani juu huko Fizi, wengine wamevuka ziwa kwenda Kigoma. Ukumbi ulikuwa na bati lililotobolewa na risasi. Sisi tulicheza alasiri, jua likipita kwenye matundu yale, nami niliweka alama za jivu sakafuni ili mwigizaji ajue pa kusimama apate mwanga. Tulijiona wajanja. Kila kilichoharibiwa na vita tulikigeuza kuwa kifaa, na tulijisifu hivyo mbele ya kila mgeni.

Hapo ndipo kinu kinapoingia.

Ngoma zetu zilikuwa zimekwenda na wanajeshi waliopita. Mchezo bila kitu cha kuita watu hauanzi. Siku moja natoka sokoni nikaona askari wamekaa kwenye rundo la kuni, milango ya nyumba za watu, miguu ya vitanda, na juu yake kinu kikubwa, mmoja ameshainua shoka. Nikawabembeleza. Nikawaachia kikapu changu cha ndakala, dagaa wa ziwani, nilichotoka kununua, wakanitwika kinu kichwani huku wananicheka. Mbele ya Mungu, siku hiyo nilijiona nimeokoa kitu, na kweli nilikiokoa. Bila mimi kingekuwa majivu. Kumbukeni neno hilo, kwa sababu nililitumia baadaye kama blanketi la kujifunika.

Kinu chenyewe kilikuwa na ufa karibu na kitako, na mtu alikuwa amekifunga kwa waya uliokazwa vizuri sana. Ukikitwanga kilitoa sauti nzito, na nyuma yake kikafuata kilio chembamba, kama cha mtoto anayeamka. Direkta wetu, Wilondja, aliyeongoza michezo, aliposikia aliruka. "Mama Zaina, hii haina kifani! Ndjo itaita bantu." Ikawa hivyo. Kabla ya kila mchezo nilikaa nyuma ya pazia nikatwanga mtupu, bila muhogo ndani, na mji ukaja.

Tulikuwa tunacheza habari ya familia inayoshuka kutoka milimani na kukuta watu wengine wamekalia nyumba yao. Ulikuwa mchezo wa kuulizana. Wilondja aliusimamisha pale unapochemka, akatoka mbele, akauliza, "Nani iko na neno?" Mtu yeyote aliyeketi chini aliweza kupanda, kuchukua nafasi ya mwigizaji, na kuonyesha yeye angefanya nini. Watu walipenda hapo kuliko penginepo. Wengine walipanda ili waonekane tu na wachumba wao.

Alasiri moja Wilondja akauliza, na mama mmoja mwembamba akasimama katikati ya watu. Hakuja mbio kama wengine. Alipanda jukwaani akapita mbele ya Amisi, aliyekuwa anaigiza mtu aliyekalia nyumba, akaja mpaka kwenye ukingo wa pazia nilipokiweka kinu, akaugusa ule waya. Kisha akawageukia watu.

"Ile kinu ni yangu," akasema. "Bwana yangu ndjo aliichonga, kule Lweba. Ilipasuka, akaifunga na waya. Nilikuwa napita barabarani, nikasikia inalia. Muliisikia venye inalia? Ile ni kilio ya nyumba yangu."

Ukumbi ukalipuka. Makofi, vigelegele, miguu chini. Walidhani ameamua kuigiza mwenye nyumba, na kwamba ameigiza vizuri ajabu. Wilondja naye alidhani hivyo, namtetea kwa hilo, siku ile ya kwanza. Akamwambia, "Endelea mama, sema yote!" Yule mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua, lakini akaendelea. Alisema walivyokimbia na watoto, mume akabaki nyuma kuficha nyavu, na kwamba hajamwona tena. Watu walilia. Amisi alilia, na Amisi alikuwa halii hata kwa pilipili yangu.

Mimi sikudhani ni mchezo. Niliona vidole vyake kwenye waya ule. Havikuutafuta, vilikwenda moja kwa moja mahali fundo lilipo, upande wa nyuma, ambapo hata mimi niliyekitwanga kila siku nilikuwa sijapaona. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi ndiye niliyekuwa mwosha.

Watu walipotoka alinifuata stoo. Jina lake Mauwa, mama wa watoto walio hai na waliokufa, aliniambia hivyo hivyo. Alisimama mlangoni hakutaka kuingia.

"Mama Zaina, weye ni mama," akasema. "Unipeko kinu yangu niende. Kwetu natwanga kwa majirani. Nangoja bamalize bo kwanza, ndjo bananipa. Batoto banakula bashachoka kulia."

Ninyi wasichana wa siku hizi mnapeleka muhogo kwenye mashine, labda hamjui. Kuazima kinu kila siku ni kuomba kila siku. Unakuja na beseni lako unakaa pembeni ya ua wa watu, unasifia watoto wao, unafagia walipotapakaza, na mwenye kinu akiamua leo amechoka basi wewe leo hujatwanga. Nilijua yote hayo. Nikamjibu, "Si mimi mama, ni Direkta."

Direkta alikuja, akamshika mikono yote miwili. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkasirikia. "Mama, kinu ni yako, nani anabisha? Tutakupatia. Tumalize kwanza maprogramu, kuko bageni banakuya. Kila tukicheza uwe unafika, useme tu vile umesema leo. Tutakupa sabuni na unga." Akaniambia pembeni, macho yanang'aa, "Ule mama ni artisti kabisa."

Na akafika. Hilo ndilo ambalo picha yenu haisemi. Alikuja kila tulipocheza, akakaa chini katikati ya watu kama mtu wa kawaida, akangoja swali la Wilondja, akasimama, akasema, "Ile kinu ni yangu." Na kila mara watu walilia na kupiga makofi, akapewa sabuni yake na unga wake, ambao haukuhitaji kutwangwa, na mimi nikakirudisha kinu stoo na kufunga. Yeye hakuigiza hata siku moja. Alikuwa anadai. Alidhani kwamba safari hii, mbele ya watu hawa wote, lazima mtu mmoja atasema basi, mpeni. Sisi tukamwekea alama ya jivu sakafuni ili asimame kwenye mwanga. Alama hiyo niliichora mimi.

Mkiniuliza kwa nini sikumpa, nina majibu mengi na yote yananuka. Kwanza nilijiambia nilikiokoa, kingekuwa majivu. Pili kwamba mchezo unawasaidia wengi, na watu wawili watatu walikuwa wamerudishiwa nyumba baada ya kuutazama. Tatu, nilijiambia ufunguo ni wa kituo. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye khanga yangu, kiunoni. Nililala nao.

Watoto wa mtaa wakaanza. Mama Mauwa akipita, wanagonga makopo na kuimba kwa pua, "Ile kinu ni yaanguu!" Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanaiga mchezo walioupenda. Aliwapita akiangalia mbele. Nilimwambia Wilondja kwamba yule mama wanamcheka. Akajibu kuwa hiyo ni dalili kwamba mchezo umeingia kwa watu. Nikaenda kukoroga damu.

Siku ya wageni ikafika. Walikuwa watu wa misaada, na kamera, na viti vya plastiki tulivyoazima kanisani. Nilimwona Mama Mauwa akiingia, na jicho langu la kazi likaona kitu. Mtu wa vifaa huhesabu kwa macho kila mtu anachoingia nacho. Siku zote alivaa kitenge kimoja. Siku hiyo alikuwa na kingine, kimekunjwa kwapani. Nikajua maana yake kabla hajaketi. Nilikuwa na muda wa mchezo mzima wa kumwendea Wilondja, au kumwendea yeye. Nilikaa nikatwanga.

Wilondja akauliza swali lake. Mama Mauwa akapanda, akasimama, lakini siyo kwenye jivu. Akasema, "Ile kinu ni yangu." Kisha hakuendelea na habari ya nyavu. Alikunjua kile kitenge, akakisokota, akatengeneza ngata, akaiweka kichwani. Akainama, akakikumbatia kinu. Ni kizito kile, mtu mmoja anaweza kukiinua hadi magotini, kichwani hakifiki bila mwenzake. Akawaangalia waigizaji.

"Munitwike," akasema.

Hakuna aliyesogea. Kwetu, vijana, kumtwika mtu si fadhila. Unaweza kuwa umegombana naye jana, unaweza kuwa humjui, ukimkuta na mzigo chini unaweka wa kwako kando, unamtwika, mnaachana. Hata mwendawazimu hakataliwi. Amisi, maskini, hakujua la kufanya, akashika neno la mchezo lililokuwa karibu: "Na weye ni nani?" Watu wakacheka.

"Munitwikeko, nirudie kwangu."

Alikuwa amefika karibu nami kuliko mtu yeyote. Ningenyoosha mikono tu. Wilondja kwa upande wa pili alikuwa ananionyesha kwa vidole nifunge pazia, nami kamba nilikuwa nayo mkononi. Sikufunga. Sikutoka pia. Niliikumbuka sheria ya mzee Lubunga, mtu wa vifaa haonekani, na nikaishikilia kama mtu anayezama anavyoshikilia jani. Mama Mauwa aligeuza uso, akaniona kwenye upenyo wa pazia letu la turubai. Tukatazamana.

Bibi mmoja mzee kutoka nyuma kabisa ndiye aliyesimama, akapita kati ya viti vya wageni akiwasukuma, akapanda akinung'unika kwa Kibembe, akashika upande mmoja wa kinu. Wakakiinua. Mama Mauwa akashuka nacho, akapita katikati ya watu, akatoka mlangoni. Ukumbi mzima ulisimama. Walipiga makofi mpaka vumbi likapanda kwenye mianga ya bati, na wageni walifuta macho. Na mimi nyuma ya pazia nikaona mikono yangu nayo inapiga.

Mchezo wa mwisho kabisa tulioucheza ndio huo. Bila kinu hatukuwa na cha kuita watu, na tena vita vilisogea.

Sasa nendeni mkaitazame picha tena. Ilipigwa na mgeni mmoja, wakati bado bibi na Mama Mauwa wanainua. Upande wa kushoto, ukingoni mwa turubai, kuna vidole vimeshika kamba. Ni vya kwangu. Futeni neno "mwigizaji". Andikeni: "Mama Mauwa wa Lweba akichukua kinu chake." Na msiende kumwomba hicho kinu, hata kwa barua ya heshima, hata kwa siku moja. Kilishakuwa kwenye maonyesho vya kutosha.

Baada ya watu kurudi na ziwa kutulia, nilikwenda Lweba kwa shughuli ya ndoa. Njiani, pale kijito kinapokata barabara, nilimkuta amekaa kando ya beseni la muhogo uliolowekwa, limejaa, linachuruzika maji, ngata tayari kichwani. Amezeeka, nami nimezeeka. Barabara ilikuwa tupu. Moyo ulinipiga kwa furaha, siwafichi, nilidhani Mungu ameniwekea beseni lile pale kwa ajili yangu. Niliweka mfuko wangu chini, nikamwendea mbio na mikono mbele.

Aliniangalia, akanijua.

"Acha tu, mama," akasema bila hasira. "Mi nangoja mutu mwenye atapita."